Senti Moja Katika Dola

Wazee waliowahi kumiliki Raleigh au Phoenix wanaijua leseni ya baiskeli. Ulilipa halmashauri, ukapewa kibati, ukakifunga kwenye fremu, na askari akikusimamisha njiani ndicho kilichokutetea. Pesa ilikwenda wapi, hilo ni jambo jingine. Njia ya baiskeli hukuiona.

Marekani nako walikuwa na kibati, tena tangu mwishoni mwa karne ya 19, na la ajabu ni kwamba waliokidai ni wapanda baiskeli wenyewe. Walitaka kulipa. Kosa lao, ambalo lilikaa zaidi ya miaka 70 kabla ya kupata wa kulirekebisha, lilikuwa kuamini kwamba anayelipia njia ya baiskeli lazima awe mpanda baiskeli.

Kisa hiki kinaanzia kwenye matope. Miaka ya 1880 na 1890, ukishavuka nyumba za mwisho za mji wowote wa Marekani, barabara iliishia hapo. Mbele kulikuwa na udongo tu, vumbi kiangazi, na wakati wa mvua matope ya kuzamisha gurudumu la gari la farasi hadi kwenye ekseli. Kazi ya kuzitunza barabara hizo ilikuwa ya wakulima, kwa mtindo ambao sisi tungeuita msaragambo: kila mwaka mkulima alidaiwa siku kadhaa za kazi, akaja na jembe na farasi wake, akafukia mashimo mawili matatu, akapiga soga na majirani, akarudi nyumbani. Barabara ikabaki kama ilivyokuwa. Wakulima hawakuona sababu ya kutoa fedha taslimu ili vijana wa mjini waliovaa soksi ndefu wapite kwa raha.

Vijana hao hawakuwa wanyonge. Walikuwa na chama, League of American Wheelmen, kilichoanzishwa Newport, Rhode Island, mwaka 1880, na kufikia mwaka 1898 kilikuwa na wanachama zaidi ya laki moja. Walikuwa pia na tajiri wao, Albert Pope, mtengenezaji wa baiskeli za Columbia, ambaye alielewa haraka kuliko wengi kwamba baiskeli haiuziki pasipo na pa kuiendesha. Pope alikusanya sahihi zipatazo 150,000 za kulitaka Bunge la Marekani liingilie kati, akazipeleka Washington. Mwaka 1893 serikali ikafungua ofisi ndogo ya kuchunguza barabara ndani ya Wizara ya Kilimo, kwa bajeti ya dola 10,000. Fedha hizo zilitosha utafiti na vijitabu. Barabara yenyewe ilibaki matope.

Ndipo wengine walipochoka kungoja. Katika mji wa Lockport, jimbo la New York, kando ya mfereji wa Erie, bwana mmoja aitwaye Charles Raymond alikuja na wazo jepesi: acha barabara kama ilivyo, jenga ujia mwembamba pembeni yake. Upana wa futi chache ulitosha. Malighafi ilikuwa ya kutupwa, mabaki ya makaa ya mawe kutoka viwandani na kwenye magarimoshi, ambayo yakimwagwa na kushindiliwa hukauka upesi baada ya mvua na kumpa mpanda baiskeli uso mgumu, mweusi, usioteleza. Njia za namna hii zilienea kaskazini mwa jimbo lile, zikaunganisha mji na mji, na huko Rochester lilikuwepo hata gazeti lililoandika habari zake tu.

Mwanzoni zililipiwa kwa michango. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaujua mwisho wa michango: wanaokula ni wengi kuliko wanaochanga. Raymond aliliona hilo, akapigania sheria ya kumfanya kila anayetumia njia alipie. Mwaka 1899 New York ikapitisha sheria ya jimbo zima: jaji wa kaunti angeteua makamishna wa njia za pembeni, nao wangeuza leseni za mwaka kwa bei isiyozidi dola moja. Aliyelipa alipewa kibati. Asiye na kibati akikutwa kwenye njia ile alitozwa faini, ingawa barabara kuu, pamoja na matope yake, ilibaki huru kwa wote.

Oregon, upande wa pili wa bara, nayo mwaka uleule iliweka kodi ya baiskeli ili kujenga njia zake. Lakini mlipakodi mmoja alikwenda mahakamani, na mwaka 1901 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta kodi ile. Kwa mujibu wa katiba ya Oregon kodi ya mali ilipaswa kuwaangukia wote kwa usawa, na hapa mwenye baiskeli alikuwa amechaguliwa peke yake.

Chama chenyewe kilikuwa kimegawanyika. Wakubwa wa League waliziogopa njia za pembeni. Waliona kwamba wapanda baiskeli wakishapata ujia wao, hawatakuwa tena na hamu ya kupigania barabara nzuri kwa watu wote, na wakulima nao watapata kisingizio. Ukiusoma mgogoro ule leo unaona pande zote mbili zilikuwa na haki yake. Raymond alitaka njia ya kupita kesho asubuhi. League ilitaka barabara ya vizazi. Na hakuna hata upande mmoja uliokisia jinsi fasheni ya baiskeli ingepoa upesi.

Ilipoa kwa kishindo. Viwanda vilizalisha kupita kiasi, bei ikaanguka, matajiri wakaacha kuionea fahari baiskeli mara tu makarani na mafundi walipoanza kuimudu, na kufikia mwaka 1902 League ilikuwa imebakiwa na wanachama chini ya elfu 10. Kwa mtu wa kawaida bei kushuka ilikuwa neema. Kwa mfuko wa vibati ilikuwa kifo. Leseni zilipoacha kununuliwa, makamishna walikosa pesa za kumwaga makaa mapya, majani yakaota, na barabara zilipokuja kupanuliwa kwa ajili ya magari, ule ujia mweusi ukamezwa. Huko California bwana mmoja wa Pasadena, Horace Dobbins, alijaribu biashara halisi: njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, ya kulipia senti 10 kwenda na 15 kwenda na kurudi, iliyokusudiwa kufika Los Angeles. Ilifunguliwa siku ya mwaka mpya wa 1900, ikafika maili moja na kidogo, ikaishia hapo. Mbao ziliuzwa. Sehemu ya mkondo wake baadaye ikapitiwa na Arroyo Seco Parkway, barabara ya magari iliyofunguliwa mwaka 1940.

*

Mwenye gari alikuja na kitu ambacho mwenye baiskeli hakuwa nacho: tangi. Mwaka 1919 Oregon ikawa jimbo la kwanza Marekani kutoza kodi ya petroli, senti moja kwa galoni, kwa ajili ya barabara. Ni vigumu kueleza ubora wa kodi hii machoni pa mhasibu wa serikali. Haihitaji kibati wala askari. Mlipaji hupanga foleni mwenyewe, hulipa bila kuhisi, na kadiri anavyoendesha ndivyo anavyochangia. Ndani ya miaka 10 majimbo yote yalikuwa yameiiga. Halafu kwa kura ya wananchi fedha ile ikafungiwa ndani ya katiba ya Oregon isiguswe kwa shughuli nyingine. Mwaka 1956 serikali kuu ya Marekani nayo ikaanzisha mfuko wake wa barabara kuu kwa kodi ya petroli, na kwa mtandao mpya wa barabara za kuunganisha majimbo ikakubali kulipa senti 90 katika kila dola ya ujenzi.

Ukitazama hesabu hizi kwa macho ya ofisa wa jimbo, utaelewa kwa nini njia za miguu zilisahaulika, na wala chuki haikuwa na sehemu kubwa. Mradi mmoja unalipiwa asilimia 90 na mtu mwingine. Mwingine hauna hata kifungu cha bajeti. Nani atauinamia huo wa pili? Vitongoji vipya vikajengwa bila njia ya kando. Shule zikahamishiwa pembezoni, ng'ambo ya barabara ya njia nne.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 baiskeli zilianza kurudi. Safari hii zilinunuliwa na watu wazima, na mwaka 1972 ziliuzwa zaidi ya milioni 13 nchini kote, kuliko magari. Oregon wakati huo ilikuwa chini ya gavana Tom McCall, Mrepublican aliyekuwa mwandishi wa habari, mtu mrefu mwenye sauti nzito, ambaye utawala wake ulilinda fukwe za jimbo zisimilikiwe na watu binafsi na kuweka amana kwenye chupa za soda ili zirudishwe dukani. Katika hali hiyo ya hewa mbunge mmoja wa Chama cha Republican, Don Stathos, wa mji mdogo wa Jacksonville kusini mwa jimbo, alileta Muswada namba 1700.

Stathos mwenyewe aliendesha baiskeli. Muswada wake ulikuwa mfupi, na nafikiri ufupi huo ndio uliouponya. Ulisema mambo mawili. La kwanza: popote barabara inapojengwa, kujengwa upya au kuhamishwa, ziwekwe njia za miguu na za baiskeli kama sehemu ya mradi. La pili: kila mwaka jimbo, kila kaunti na kila mji, watumie si chini ya asilimia moja ya fedha wanayopata kutoka Mfuko wa Barabara kwa njia hizo.

Senti moja katika dola. Angalia inatoka wapi. Haitoki kwenye kibati wala kwenye mchango wa hisani. Inatoka kwenye petroli. Hoja ya muswada ilikuwa kwamba njia ya miguu ni kiungo cha barabara kama ulivyo mtaro wa maji ya mvua, na hakuna anayeudai mtaro ujilipie. Tena Stathos aliunganisha mwenye baiskeli na mwenye miguu katika sentensi moja. Wapanda baiskeli wa Oregon walikuwa wachache. Wenye miguu walikuwa jimbo zima.

Wapinzani walikuwepo, hasa waliouona mfuko wa petroli kama mali ya wenye magari, na ili muswada upite ukawekewa milango ya kutokea. Njia haitadaiwa ikiwa itahatarisha usalama, ikiwa gharama imezidi mno haja au matumizi yanayotarajiwa, au ikiwa eneo lina watu wachache kiasi kwamba haja haipo. McCall alitia sahihi mwaka 1971. Halikuwepo jimbo jingine lenye sheria ya namna hiyo.

Kuna kifungu kidogo ndani yake ambacho mimi hukipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha kwamba aliyekiandika alikuwa anaifahamu miji midogo. Tuseme mji unapata dola 50,000 kwa mwaka kutoka Mfuko wa Barabara. Asilimia moja yake ni dola 500, pesa isiyotosha hata kumleta mkandarasi. Kwa hiyo sheria inauruhusu mji kuziweka akiba kwa muda usiozidi miaka 10, mpaka zifikie kiasi cha kujenga kitu kinachoonekana. Na mji ambao asilimia yake moja haizidi dola 250 haudaiwi chochote. Mtu anaweza kuuona huu kama utani wa karani. Lakini kwa njia hii vijiji vya wakata mbao vilijikuta, mwaka wa nane au wa tisa, na njia ya zege ya kwenda shuleni ambayo hakuna diwani aliyewahi kuipigia kampeni.

*

Sheria ikishaandikwa huanza kuishi maisha yake, na ya Oregon haikuishi vizuri sana mwanzoni. Mwezi Mei 1980 wapiga kura walibana tena katiba: fedha ya petroli isitumike kwa bustani wala kwa polisi, ila kwa barabara na vyote vilivyomo ndani ya hifadhi ya barabara. Hawakuwa wakiwalenga wapanda baiskeli. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba njia iliyopita kando ya mto, au kwenye tuta la reli iliyokufa, au katikati ya msitu wa mji, haikuweza tena kuguswa na ile senti moja. Njia ililazimika kushikamana na barabara ya magari kama kupe.

Sura ya kushikamana huko unaiona kwenye daraja la Glenn Jackson, lililofunguliwa mwaka 1982 kuvusha barabara kuu namba 205 juu ya mto Columbia, kutoka Portland kwenda jimbo la Washington. Njia ya baiskeli na miguu ipo, tena safi, ya zege. Imewekwa katikati ya daraja. Kulia kwako kuna safu nne za magari zinazokwenda kaskazini, kushoto safu nne zinazokuja kusini, na wewe uko kwenye mfereji uliozungushiwa kuta fupi za zege, kwa urefu unaozidi kilomita tatu. Malori yanapita pande zote mbili kwa mwendo wa barabara kuu. Mlima Hood, siku isiyo na mawingu, unauona juu ya paa za magari. Kuzungumza na mwenzako haiwezekani. Hata kengele ya baiskeli huisikii ukiipiga. Sheria ilidai njia. Haikudai iwe ya kupendeza.

Mahali pengine hata njia ya namna hiyo haikujengwa, na kwa miaka 20 hakuna aliyeshtakiwa. Mapema miaka ya 1990 jiji la Portland lilikuwa linajenga upya mitaa inayozunguka uwanja mpya wa mpira wa kikapu wa timu ya Trail Blazers. Michoro haikuwa na njia za baiskeli katika baadhi ya mitaa hiyo. Chama kichanga cha wapanda baiskeli, Bicycle Transportation Alliance, kilichoanzishwa mwaka 1990, kikaipeleka Portland mahakamani. Si mji wa wapinga baiskeli. Kilishtaki ule uliokuwa rafiki yao kuliko yote.

Utetezi wa jiji ulikuwa na akili. Sisi, walisema, tunatumia zaidi ya asilimia moja kila mwaka. Tumeshatimiza sheria. Wapi tuweke njia na wapi tusiweke, hayo ni yetu. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya Oregon ikakataa. Ilisema ile asilimia moja ni sakafu, wala haikuwa dari. Na wajibu wa kuweka njia kila barabara inapojengwa upya ni wajibu mwingine kabisa, unaosimama kwa miguu yake. Ukijenga barabara unaweka njia, au unaonyesha ni mlango gani kati ya ile mitatu unaokuruhusu kutoka.

Hapa inabidi nikae kidogo, maana hukumu ile ndiyo ilinifanya niifuatilie habari hii. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikajiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka uliofuata shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao palepale Gigiri, likazitaka nchi zote zifanye hivyo. Asilimia 20 ni mara 20 ya Oregon, na kwa mji ambao takribani watu wanne katika kila kumi hufika waendako kwa miguu, si nyingi hata kidogo. Lakini sera si sheria. Raia wa Portland aliweza kuishika ile senti moja mkononi akaingia nayo mahakamani. Asilimia 20 ya kwenye sera huwezi kuibeba hivyo.

Baada ya hukumu mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilikuwa tayari limepitisha sheria mpya ya usafiri iliyotenga asilimia 10 ya mojawapo ya mifuko yake mikubwa kwa ajili ya mambo ya ziada, zikiwemo njia za miguu, njia za baiskeli na reli za zamani. Mwaka 1992 matumizi ya serikali kuu kwa watembea kwa miguu na baiskeli yalikuwa dola milioni 23 kwa nchi nzima. Mwaka 2009, pamoja na fedha za kuinua uchumi, yalipita dola bilioni moja. Portland ilijua kuziomba. Mwaka 1990 jiji lilipata sehemu kubwa ya tuta la reli ya Springwater, iliyojengwa mwaka 1903 na kuacha kubeba abiria mwaka 1958, na kufikia 1996 watu walikuwa wanaendesha baiskeli pale mabehewa yalipopita zamani. Kwenye daraja la Hawthorne, la mwaka 1910, njia za kando zilizokuwa nyembamba kiasi kwamba mwenye baiskeli na mama mwenye kigari cha mtoto walipishana kwa kuombana radhi, zikapanuliwa mwishoni mwa muongo ule. Mwaka 1991 safari za baiskeli kwenye madaraja manne ya katikati ya mji hazikufika 3,000 kwa siku. Mwaka 2008 zilipita 16,000.

Mwaka huohuo jiji lilikadiria kwamba mtandao wake wote wa baiskeli, takribani maili 300, ungegharimu kama dola milioni 60 kuujenga upya. Ni karibu na bei ya maili moja ya barabara kuu ya mjini. Meya aliyekuja baadaye aliitaja hesabu hiyo mpaka waandishi wakaenda kuikagua, wakaikuta inasimama. Mwaka 2014 asilimia 7.2 ya wafanyakazi wa Portland walikwenda kazini kwa baiskeli, kiwango cha juu kuliko mji wowote mkubwa wa Marekani. Kimeshuka tangu hapo, na kilishuka zaidi korona ilipowafungia watu nyumbani na kuwazoesha kufanyia kazi huko.

*

Na kibati? Kilirudi, na kilirudi kupitia dukani.

Mwaka 2017 Bunge la Oregon lilipitisha mpango mkubwa wa usafiri wa dola bilioni 5.3 kwa miaka 10. Kodi ya petroli ilipandishwa kwa awamu, ada za magari zikapanda, mishahara ikakatwa kidogo kwa ajili ya mabasi. Ndani yake kulikuwa na habari njema kwa watembeao: dola milioni 10 kwa mwaka, baadaye 15, za kuwafanya watoto wafike shule salama kwa miguu au baiskeli, kwa njia za kando, vivuko na taa. Kisha, katika mazungumzo ya mwisho, likaingizwa jambo ambalo hakuna jimbo jingine lililokuwa nalo: dola 15 kwa kila baiskeli mpya ya dola 200 au zaidi. Ilianza kutozwa Januari 2018, mstari mmoja chini ya risiti.

Wapanda baiskeli walinung'unika. Wengine walisema wanaadhibiwa kwa kuacha gari nyumbani, na wengine wakakumbusha, kwa haki, kwamba wengi wao wana magari na kodi ya petroli wanalipa kama kila mtu. Lakini ukifuata pesa unakuta mantiki yake. Kura ya 1980 bado ilikuwa imeifungia petroli ndani ya hifadhi ya barabara. Njia ya kando ya mto na ya msituni zilihitaji fedha isiyotoka kwenye tangi, na kodi ile ikaelekezwa huko. Mbunge wa 2017 alikuwa amerudi alipokuwa Raymond wa Lockport, bila kujua. Kiasi chenyewe si kikubwa. Nadhani waliotoza walitaka zaidi lile neno, kwamba na ninyi mnachangia, kuliko dola 15 zenyewe.

Huku hayo yakiendelea, mashariki mwa Portland kulikuwa na barabara ambayo si senti moja, si kibati, vilivyoifikia sawasawa. Barabara ya 82 ni ya maduka ya magari ya mitumba, migahawa ya Kivietnam, moteli na vituo vya mafuta. Wakazi wake wengi ni wahamiaji na watu wa kipato cha chini, na mabasi yake hujaa. Ilikuwa barabara kuu ya jimbo tangu enzi ambazo pale palikuwa ukingo wa mji. Mji uliimeza, barabara kuu nyingine zikajengwa kuchukua magari ya mbali, lakini jimbo likaendelea kuimiliki bila kuwa na hamu nayo. Wahandisi wana jina la barabara za namna hii: yatima. Kutoka kivuko kimoja hadi kingine ni mwendo, na mtu anayetaka kufika upande wa pili anapiga mahesabu, anangoja mwanya, anakimbia.

Sheria ya 1971 huamka barabara inapojengwa au kujengwa upya. Ukiziba mashimo na kuitandika lami nyingine juu, sheria inaendelea kulala. Mwezi Aprili 2021 watu wawili waliokuwa wakivuka kwa miguu waligongwa na kufa kwenye makutano ya barabara ya 82 na mtaa wa Alberta. Walipishana wiki mbili, mahali ni palepale. Wakazi waliandamana na mishumaa, na mazungumzo ambayo jimbo na jiji walikuwa wameyavuta kwa miaka mingi yakaisha kwa miezi michache. Juni 2022 maili saba za barabara ile zilikabidhiwa kwa jiji pamoja na dola milioni 185 zilizochangwa na Bunge la jimbo, idara ya usafiri na jiji lenyewe, kwa ajili ya taa, vivuko, njia za kando na miti.

Mwaka uliofuata watu 69 walikufa katika ajali za barabarani Portland, idadi kubwa kuliko yoyote kwa miongo mitatu. Barabara ya 82 ilikuwa bado inachimbwa kipande kwa kipande, na kwenye baadhi ya vituo vya basi abiria walikuwa bado wanashukia kwenye majani.